Mlango ule walipomwacha bibi

Nimekuwa kimya karibu wiki tatu. Si kwamba nimewasusa, ni test juu ya test, na boom nalo lilichelewa mpaka tukaanza kula kwa awamu kama mgao wa umeme. Leo Jumamosi mvua inanyesha, wenzangu wa chumbani wamelala fofofo, nikasema ngoja nilipe deni moja la zamani. Si deni la hela, ni la swali.

Wanaonifahamu wanajua kwetu ni Murongo, kule mwisho kabisa wa mkoa wa Kagera. Mto huo hapo, ukivuka daraja uko Kikagati, Uganda. Zamani tulikuwa Karagwe, tangu 2012 wilaya yetu inaitwa Kyerwa, ila wazee bado wanasema Karagwe na huwezi kuwabishia. Sasa mwaka 2019, mimi nikiwa kidato cha pili, bibi yangu mzaa mama aligundulika ana saratani ya shingo ya kizazi, akapewa rufaa mpaka Ocean Road, Dar es Salaam. Hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na bibi alikuwa hajawahi kufika hata Mwanza. Likizo ya Juni nikatumwa nikamsaidie mama mkubwa kumuuguza.

Kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, ilikuwa hivyo hivyo. Tunamsindikiza mpaka kwenye kiti cha kusubiria, jina linaitwa, anaingia. Sisi tunabaki tunautazama ule mlango mpana wenye taa juu yake. Baada ya dakika chache anatoka anatembea mwenyewe, hana jeraha, hana bandeji. Jioni moja akaniuliza kwa sauti ya chini, mama mkubwa asisikie: "Mjukuu wangu, wakishanilaza vizuri pale kitandani wanatoka wote mbio na kufunga mlango. Kama hiyo dawa ni nzuri, mbona wenyewe wanaikimbia?"

Sikuwa na jibu. Nikasema "ni utaratibu tu bibi". Akanitazama vile wazee wanavyomtazama mtoto anayedanganya.

Mwaka jana nikiwa kwenye mafunzo ya kufundisha, nasimama mbele ya kidato cha nne, mada ya mionzi, dada mmoja wa dawati la nyuma akauliza swali lile lile kwa maneno mengine kabisa. Mwalimu mtarajiwa nikaishia kusema "kwa usalama" na kufuta ubao. Aibu. Ndiyo nikaanza kusoma historia ya ule mlango, maana historia ya mashine wameandika wengi, ya mlango hakuna anayeijali. Nimekuta ni hadithi tamu kuliko nilivyodhani, na kwa sehemu inatisha.

Twende taratibu. Mwaka 1895 Wajerumani walianza kujenga hospitali ya Ocean Road pale ufukweni, ikakamilika 1897, ikiwa kwa ajili ya Wazungu. Mwaka huo huo wa 1895, tarehe 8 Novemba, kule kwao Würzburg, profesa Wilhelm Röntgen akagundua eksirei. Desemba akapiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete vikaonekana. Nyumba na mionzi vilizaliwa mwaka mmoja, vikaja kuoana baadaye sana, kuanzia miaka ya 1980 pale Ocean Road ilipoanza kuwa mahali pa tiba ya mionzi, na 1996 ikawa taasisi inayojitegemea.

Hapo mwanzo hakukuwa na mlango wa aina yoyote. Mionzi haionekani, hainuki, haiunguzi papo hapo, kwa hiyo watu waliichezea. Marekani, msaidizi wa Thomas Edison aliyeitwa Clarence Dally alikuwa anajaribu mirija ya eksirei kwa mikono yake mwenyewe siku nenda siku rudi. Mikono ikaharibika, ikakatwa, akafariki 1904. Edison akaogopa, akaachana na eksirei moja kwa moja. Wakati huo huo kulikuwa na daktari wa meno wa Boston, William Rollins, aliyekuwa ameshawaonyesha watu kwamba mionzi inaua wanyama na kwamba kifaa chake kizibwe kwa risasi (risasi ya madini, siyo ya bunduki). Wengi hawakumsikiliza. Ilichukua mpaka 1928, kwenye mkutano wa Stockholm, ndipo ikaundwa kamati ya kimataifa ya kujikinga na mionzi. Hesabu mwenyewe, miaka 33 tangu Röntgen!

Wanafizikia wenyewe hawakuwa wajanja zaidi. Ninayempenda ni Ernest Walton. Tarehe 14 Aprili 1932, Cambridge, yeye na John Cockcroft walikuwa na mashine ya volti laki kadhaa ya kurusha protoni kwenye lithiamu. Chumba chao cha kujikinga kilikuwa kijisanduku kilichozungushiwa risasi, mtu anaingia kwa kujikunja. Ile siku Walton akatambaa sakafuni kukwepa umeme wa juu, akajibanza ndani ya kile kisanduku, akaona vimulimuli vidogo kwenye kioo. Alikuwa anaiona atomu ikipasuliwa. Yaani mmoja wa majaribio makubwa kabisa ya karne ile yalisimamiwa na mtu aliyekunjamana ndani ya kitu kama kabati la jikoni! Walipata Nobel mwaka 1951.

Kule Berkeley, California, ilibidi panya afe ndipo watu washtuke. John Lawrence, daktari, mdogo wake Ernest Lawrence mwenye mashine ya saiklotroni, waliweka panya ndani ya mashine miaka ya 1930. Wakamtoa amekufa. Wanafizikia wakaanza kutazamana. Baadaye ikajulikana yule panya hakuuawa na mionzi, alikosa hewa tu, lakini hofu ilishaingia na matangi ya maji yakapangwa kuizunguka mashine. Panya yule amefanya kazi kubwa kuliko ripoti nyingi.

Sasa ije kobalti. Oktoba 1951 mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa kobalti-60 mjini London, na siyo London ya mfalme, ni ile ya Ontario, Kanada. Hapa ndipo mlango unakuwa jambo zito. Eksirei ukizima umeme imekwisha. Kobalti haizimwi. Inatoa mionzi usiku na mchana, ukilala inatoa, umeme ukikatika inatoa, na inachukua miaka 5 na miezi mitatu hivi kupungua nusu tu. Mashine inachofanya ni kukisogeza kile kipande kitoke kwenye kichwa kizito cha chuma na risasi, kimtazame mgonjwa, kisha kukirudisha. Kwa hiyo ukuta ni lazima uwe mnene kweli.

Unene wenyewe sasa, na hapa nawaombeni wale wa sanaa msikimbie. Kwa mionzi ya kobalti, kila sentimita 22 hivi za zege zinabakisha sehemu moja ya kumi. Ukiweka sentimita 44 inabaki moja ya mia, 66 moja ya elfu. Ukuta wa mita moja na robo au moja na nusu ni jambo la kawaida, ndiyo maana vyumba hivi wajenzi wanaviita banka, kama mahandaki ya vita. Risasi ni kali zaidi, sentimita 4 zinafanya kazi ya zile 22.

Basi mimi nikajiuliza, na mlango je? Tuseme unataka mlango wenye nguvu sawa na sentimita 88 za zege. Hiyo ni sentimita 16 za risasi. Mlango wa kupitisha kitanda cha magurudumu, upana mita 1.2, urefu mita 2.1. Zidisha, halafu zidisha kwa tani 11.35 kila mita ya ujazo. Unapata zaidi ya tani 4 na nusu! Hiyo ni kama Noah tatu zimening'inia kwenye bawaba. Nani atafungua? Na umeme ukikatika mgonjwa akiwa ndani? Milango ya namna hiyo ipo duniani, inaendeshwa kwa mota juu ya reli, lakini ni ghali, inataka fundi, na sisi tunajua maana ya kitu kinachotaka fundi kutoka nje.

Jibu lao, wadau, ni choo cha shule ya msingi.

Msicheke. Mnakumbuka vile vyoo vya shimo visivyo na mlango? Ukuta unaanza, unapinda, unaingia kwa kuzunguka, na aliye nje haoni kitu ingawa hakuna hata kitasa. Mwanga unakwenda moja kwa moja, mtu anaweza kukata kona. Chumba cha mionzi kinajengwa hivyo hivyo. Kati ya mlango na kitanda kuna ujia wa zege uliopinda. Mionzi ikitaka kufika mlangoni lazima igonge ukuta na kurudi pembeni, na ikigonga inapoteza nguvu. Arthur Compton alilionyesha hilo mwaka 1923 na kupata Nobel 1927. Kwa mionzi ya kobalti, inayogeuka kona ya nyuzi 90 imepoteza zaidi ya theluthi mbili ya nguvu yake kwa kugonga mara moja tu, na sehemu kubwa haigeuki kabisa, inaishia ukutani. Inayofika mlangoni ni mabaki ya mabaki. Mlango unaotosha ni wa mbao au chuma wenye risasi milimita chache, nesi anausukuma kwa mkono.

Watu wa Lamu walishaijua hesabu hii kwa sababu zao. Kwenye nyumba zao za mawe za kale, ukitoka daka unaingia tekani, na njia inapindishwa ili mpita njia asione mpaka kiwandani kwa wenye nyumba. Wao walikuwa wanazuia macho. Ila ni akili ile ile, kona inafanya kazi ambayo ubao hauwezi.

(Mashine mpya za LINAC, kama zilizofungwa Ocean Road mwaka 2018, zinazalisha mionzi kwa umeme, ukizima imezimika. Ila zikipita nguvu fulani zinatoa pia nyutroni, na nyutroni ni watundu, wanakata kona vizuri kuliko eksirei. Hapo mlango unaongezewa plastiki nene yenye boroni ya kuwanasa. Nimalize hapo, hilo ni somo la siku nyingine.)

Sasa sehemu inayotisha. Nilidhani nitakuta orodha ya watu waliokufa kwa sababu mlango ulikuwa mwembamba. Ajali kubwa nilizokutana nazo hazikuwa hivyo. Mlango ulikuwa mnene wa kutosha, watu wakautafutia njia ya kupita.

Tarehe 5 Februari 1989, San Salvador, nchi ya El Salvador ikiwa vitani. Kiwanda kimoja kilikuwa kinatumia kobalti kusafisha vifaa vya hospitali viue vijidudu. Usiku wa manane kile kichanja cha kobalti kikakwama juu, hakikurudi kwenye bwawa lake la maji. Mlango uliundwa usifunguke wakati kobalti iko nje. Lakini vifaa vya usalama vilikuwa vimechakaa, vingine viliondolewa miaka mingi kabla, na mhudumu alishajua mbinu ya kuudanganya mlango. Akaufungua. Akawaita wenzake wawili waje wamsaidie kukisukuma kwa mikono. Kwa dakika chache zile wawili kati yao miguu iliharibika mpaka ikakatwa, na mmoja wao akafariki miezi sita na kidogo baadaye. Mwaka uliofuata, Juni 1990, Soreq kule Israeli, karibu hadithi ile ile. Taa moja inasema kobalti imeshuka, king'ora kinasema mionzi iko juu. Mhudumu akaamua kuiamini taa, akanyamazisha king'ora, akaingia. Alikufa siku ya 36.

Nilipomsimulia mjomba wangu anayechimba madini ya bati huko kwetu Kyerwa, hakushangaa hata kidogo. Akasema wao anayeshuka shimoni anaacha ndala zake mdomoni mwa shimo. Kabla ya kupiga baruti wanatazama ndala. Zikibaki hata jozi moja, hakuna kuwasha, hata kama bosi anafoka. "Na usimwombe mtu akuchukulie ndala zako," akasema, "uzichukue wewe mwenyewe ukitoka."

Wadau, huo ndio mfumo wa CERN! Kule mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kwenye handaki la kilomita 27 lililowashwa mashine yake Septemba 2008, kila anayetaka kuingia mlango unamsoma mboni ya jicho, kisha anachukua ufunguo wake binafsi kwenye ubao. Funguo zote zisiporudi mahali pake mashine haiwaki. Mabilioni ya pesa, na kiini chake ni ndala za mjomba.

Halafu kuna mlango unaosahaulika. Goiânia, Brazil, kliniki ilihama na kuiacha mashine ya tiba kwenye jengo bovu. Mwaka 1987 watu wawili wa kuokota vyuma wakaingia wakabeba. Ndani kulikuwa na unga wa sizi-137 unaong'aa bluu gizani, watoto wakaupaka mwilini. Wanne walikufa na zaidi ya watu 112,000 walipimwa. Hata jirani zetu wa Kongo, waliokuwa na kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika tangu 1959 pale chuo cha Lovanium, Kinshasa, walipoteza fito mbili za urani miaka ya 1970. Moja ikaja kukamatwa Italia mwaka 1998 mikononi mwa wahalifu. Zege lilikuwepo siku zote, lakini zege haliulizi mtu anakwenda wapi.

Na ng'ambo ya daraja letu je? Uganda nchi nzima ilikuwa na mashine moja ya kobalti pale Mulago, Kampala, iliyopatikana 1995. Mwaka 2016 ikafa, haikutengenezeka tena. Hospitali ya Aga Khan Nairobi ikajitolea kuwatibu wagonjwa 400 bure, wengine wakabaki wanasubiri. Mtu wa kawaida angesema, si wanunue nyingine? Tatizo halikuwa mashine peke yake. Mashine haiwezi kuwekwa kwenye chumba chochote tu, na chumba cha zege cha kuipokea hakikuwa tayari. Ilikuwa Januari 2018 ndipo huduma ikazinduliwa upya. Karibu miaka miwili! Sisi tunaoishi mpakani tunajua watu wa pande zote mbili, na miaka miwili kwa mwenye saratani si kitu cha kusema kwa haraka. Nikisikia siku hizi kiongozi anaahidi mashine, mimi nasikiliza kama atataja zege na mlango. Hapa kwetu Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyopewa sheria yake ya sasa mwaka 2003, ndiyo inayokagua vyumba hivi na kutoa leseni, na mimi naiona kazi hiyo ni kubwa kuliko inavyotangazwa.

Nirudi kwa bibi. Alimaliza matibabu, akarudi Murongo, yupo mpaka leo, analima maharage na kugombana na mbuzi wa jirani. Jumapili iliyopita nilimpigia. Nikamwambia bibi, lile swali lako la 2019 nimepata jibu. Nikamweleza: dawa ile kwako inaingia mara chache, imepimwa, inalenga pale penye ugonjwa tu. Wale vijana wangebaki ndani na kila mgonjwa, kila siku, mwaka mzima, wangekuwa wamekunywa dawa ya watu elfu bila kuumwa. Ndiyo maana wanatoka, ndiyo maana kuna mlango, na mlango ukifunguliwa mashine inakatiza yenyewe. Nikamweleza na choo, akacheka mpaka akakohoa. Nikamweleza na ndala.

Akanyamaza kidogo, nikadhani salio limeisha. Kisha akasema, "Sasa mimi nilipokuwa mle ndani peke yangu, ndala zangu alikuwa anazitazama nani?"

Nikamwambia yule binti wa nje, kwenye kioo. Alikuwa anakuona kwa kamera muda wote, na ungeinua mkono angezima.

"Aa," akasema. "Yule mwembamba. Kumbe. Na mimi sikumuaga."

Haya wadau, mvua imekatika, naenda kutafuta msosi. Yule dada wa kidato cha nne kama kwa bahati anasoma hapa, jibu lako ndilo hilo, samahani kwa kuchelewa. Jumatano tuna test ya saikolojia ya elimu, niombeeni.